Kaburi la Hjalmar Ahlin

Mimi ndiye niliyekataa kuchimba kaburi la Hjalmar Ahlin. Nalisema mwanzoni kabisa, asije mtu mwingine akanisemea. Makaburi ya kanisa la Kolmvik yalikuwa kazi yangu, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimezika kila aina ya mtu: walevi, wazee wa kanisa, bwana mmoja wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akimpiga mkewe hadi barabarani, hata meneja wa kiwanda ambaye hakuna aliyemtolea chozi. Sikuwahi kumkataa maiti. Huyu nilimkataa.

Ilikuwa Septemba ya mwaka hamsini na nane. Alhamisi asubuhi mchungaji Frykholm alikuja kwenye banda langu la vifaa, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa mzee tayari, na kila akipanda kilima cha kanisa alihitaji muda kabla ya kusema.

"Evert, nataka kaburi la Jumamosi, saa kumi. Mstari wa nne, ubavuni mwa Dagny Ahlin."

Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. "La nani?"

"Unajua la nani."

"Mgongo unaniuma, mchungaji."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuongea."

Hakucheka. Alivaa kofia yake akaniambia binti wa marehemu angefika kesho yake kwa treni ya mchana, na jeneza lingekuja Jumamosi kwa gari. Akateremka kilima.

Lazima nieleze kidogo. Kolmvik ni mji wa kiwanda cha karatasi na ziwa, hakuna kingine. Kiwanda kiko penye maji, magogo yanaelea mpaka mlangoni, na ule moshi wake wenye harufu ya mayai yaliyooza umeingia mpaka kwenye mapazia ya nyumba zetu. Mwishoni mwa mwaka wa thelathini na moja tuligoma. Wiki tisa za baridi kali hakuna aliyeingia kazini, isipokuwa mtu mmoja. Wiki ya nane Hjalmar Ahlin alipita getini asubuhi na chakula chake kwenye kikopo, kama kawaida. Hilo peke yake watu wangelichukia, kisha pengine wangelichoka. Lakini mgomo ulipovunjika, kampuni ilitoa familia kumi na moja kwenye nyumba zake, mwezi wa Februari, theluji ikifika magotini. Familia zilezile za waliopanga mgomo jikoni, usiku, milango imefungwa. Karani mmoja alikuja kutuonyesha ile karatasi ya majina. Mwandiko ulikuwa wa Hjalmar. Yeye alikuwa akikaa jikoni nasi.

Jina la baba yangu lilikuwa la nne. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikabeba jiko letu la chuma mgongoni hadi kwenye banda la wasukuma magogo, kando ya ziwa. Familia nne tulilala humo. Alfhild Rask alikuwa na mtoto wa miezi kumi na minne, Maj. Usiku wa tisa mtoto alishikwa na kichomi. Hakufika asubuhi.

Masika Hjalmar alipewa unyapara kwenye kiwanda kingine cha kampuni, mbali kusini, akaondoka na binti yake. Mkewe Dagny tayari alikuwa kwenye makaburi haya, mstari wa nne, tangu kabla ya hayo yote. Ndiyo maana alitaka kurudi.

Basi Ijumaa nilikuwa kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, nanywa kahawa na Ragnar Hult, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Mwenye nyumba hiyo ni Alfhild mwenyewe. Treni ilipiga filimbi, na baada ya muda mlango ukafunguka. Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti la kijivu, sanduku moja, mikono minene myekundu. Baadaye nilijua alikuwa akifanya kazi ya kufua hospitalini Göteborg.

"Habari za mchana," akasema. "Naomba chumba kwa usiku mbili."

Alfhild alikuwa akipangusa meza. Aliendelea kupangusa palepale. "Vimejaa."

Nyuma yake funguo saba zilining'inia kwenye misumari saba. Yule mwanamke alizitazama moja moja.

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi kahawa."

"Imekwisha."

Ragnar akainua kikombe chake, akanywa kwa sauti. "Aisee Alfhild, leo umeikoleza vizuri."

Watu wawili watatu wakacheka. Mwanamke akaweka sanduku chini. Alikuwa amekwisha kuelewa, na nilimwona akijiuliza aondoke au aseme. Akasema.

"Naitwa Torborg Ahlin. Nadhani mnajua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoondoka hapa, na watoto wenu walinitemea mate mpaka siku ya mwisho. Nilidhani miaka ishirini na sita inatosha. Baba aliingia kazini ili anilishe mimi. Sikuwa na mama; baba alikuwa na mtoto mmoja na njaa. Kama hilo ni kosa, basi nimelisikia."

"Njaa!" Ragnar akageuka na kiti chake. "Jamani, yeye ndiye aliyekuwa na njaa. Sisi tulikuwa tunafanya sherehe."

"Sikukuuliza wewe, mzee."

"Mzee ni babako, na amekufa."

 Alfhild alikunja kitambaa chake, akaingia jikoni, akafunga mlango. Torborg aliokota sanduku akatoka. Kupitia dirishani nilimwona anapanda barabara ya kanisa peke yake, upepo wa ziwa ukimsukuma koti. Nilijisikia vizuri. Nasema kweli, nilimaliza kahawa yangu kwa raha.

Alilala kwa mchungaji. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuja bandani kwangu amevaa suruali ya mchungaji na mabuti ya mpira yasiyomtosha.

"Nipe sepetu na sururu."

"Ni vifaa vya kanisa."

"Baba yangu ni wa kanisa."

"Sina ruhusa ya kumpa mtu tu."

Mchungaji Frykholm alitokea nyuma yake, anahema. "Ruhusa nimetoa mimi, Evert. Mpe. Na kama mgongo wako bado unauma, kaa chini usije ukaumia zaidi."

Nikampa. Nilimchagulia sepetu nzito, ile ya mpini mbovu. Aliipima mkononi, akaiweka chini, akaingia mwenyewe bandani akachukua ile yangu nzuri. Sikumzuia.

Nilimwonyesha mahali, maana hilo lilikuwa wajibu. Nikapiga kamba pembe nne, nikasema urefu, upana na kina, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za mnara wa kengele, hatua kumi kutoka pale. Nilikuwa na majani ya kuchoma, lakini sikuyachoma. Nilitaka kuona atakata tamaa saa ngapi.

Hakukata tamaa. Mwanzoni alichimba vibaya, akirusha udongo karibu mno na mdomo wa shimo, akitumia mikono badala ya mguu. Kisha akajifunza. Alifika kwenye udongo mzito, akauvunja kwa sururu. Alikuta mawe, akayatoa akiyakumbatia kama nguo zilizolowa. Saa nne alikuwa ndani hadi kiunoni, na mikono ilikuwa imechubuka, nikaona damu kwenye mpini wa sepetu yangu.

Na saa nne ndipo nilipouona ufa.

Mtu asiyejua kazi hii hawezi kuuona. Ukichimba kando ya kaburi la zamani, udongo wa upande ule si udongo wa kweli. Ulishachimbwa mara moja na kurudishwa, haujashikana, unasimama kwa kuwa haujaguswa tu. Mimi kila mara naweka mbao upande ule na kuzikaza kwa vigingi. Yeye hakuweka, kwa kuwa sikumwambia. Ufa ulianza mdogo kama uzi kwenye majani ya upande wa Dagny, ukaenda sambamba na ukingo. Niliutazama. Nilijua unachosema. Nikachukua kiberiti nikawasha kiko changu.

Saa saba king'ora cha kiwanda kililia, Jumamosi kazi inaishia hapo. Dakika kumi baadaye baiskeli zilianza kupanda kilima. Hawakuingia makaburini. Walijipanga nje, nyuma ya ukuta wa mawe unaofika kifuani, wanaume kwa wanawake, wengine bado na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Walikuja kutazama.

"Chimba, dada, chimba!" Ragnar akapaza sauti. "Kwenu mmezoea kufanya kazi wenzenu wakiwa wamesimama!"

Kicheko kikapita ukutani. Torborg hakuinua kichwa.

"Waiteni wa kampuni wamsaidie," mwanamke mmoja akasema. "Wanadaiwa fadhila."

"Zidisha kina kidogo, asije akatoka!"

Hapo alisimama. Kichwa na mabega tu ndivyo vilivyoonekana juu ya ardhi. "Mmemaliza?" akauliza. "Watu sitini, na kazi yenu ni kumwogopa mzee mmoja aliyekufa. Baba alininyima hata ruhusa ya kuwasema vibaya. Kila Krismasi alitaja majina yenu mezani kama ndugu. Mnanitia aibu kwa niaba yake."

Kisha watu wakapisha njia, na Alfhild Rask akasogea mpaka ukutani. Alikuwa amevaa aproni yake ya jikoni. Aliweka viganja viwili juu ya mawe.

"Majina gani aliyataja?" akauliza.

"Nini?"

"Mezani. Krismasi. Aliyataja majina gani?"

Torborg akafuta jasho. "Rask. Hult. Sjökvist. Wengi. Sikumbuki yote, yalikuwa kama kumi..."

"Kumi na moja."

"Pengine kumi na moja."

"Aliyajua kwa moyo, ndiyo. Aliyaandika." Alfhild hakupaza sauti, na kwa hiyo kila mtu alisikia. "Alikaa jikoni kwangu, akanywa kahawa yangu, akampakata mwanangu. Kisha akampelekea meneja orodha. Tulitolewa nje Februari. Mwanangu aliishi siku tisa. Usiniambie habari za njaa. Kuingia kazini tungemsamehe, mimi wa kwanza."

Nilimtazama Torborg usoni na niliona kwamba hakujua. Hilo halijifichi. Akageuka akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilikuwa karibu.

"Ni kweli?"

"Niliiona karatasi," nikasema.

Aliegemea mpini wa sepetu. Watu walingoja. Nadhani wengi wetu tulitaka atoke, aweke sepetu chini, alirudishe jeneza kusini, na tungekuwa tumeshinda kitu ambacho hatukuwahi kushinda.

"Aliitwa nani huyo mtoto?" akauliza.

"Jina lake silitaki kinywani mwako," Alfhild akajibu.

Torborg akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei akakubali. Kisha akainama, akaendelea kuchimba. Tulisikia tu chuma kikigonga jiwe.

Udongo ulianguka kama saa nane na nusu. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ulitoa sauti ya mtu mzito anayekaa kitandani, na pale alipokuwa Torborg pakawa na udongo. Niliona mkono mmoja na nusu ya uso. Alikuwa amebanwa hadi shingoni, mgongo kwenye ukuta wa pili, na hakupiga kelele kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kupigia.

Mtu mmoja ukutani alicheka, kicheko kifupi cha kushtuka. Hakuna aliyemfuata.

"Mwacheni kidogo apoe," Ragnar akasema, lakini sauti yake haikusimama sawa.

Na mimi nilikuwa bado nimekaa. Kwa muda wa saa nne na nusu nilikuwa nimeukalia ule ufa, na sasa ulikuwa umefanya kazi yake, nami miguu yangu haikuondoka kwenye ngazi. Sijui ingechukua muda gani. Nilichosikia ni sauti ya Alfhild, kavu, kama anayeagiza kuni.

"Evert. Mtoe."

Nilikimbia. Nililaza ubao ukingoni, nikalala juu yake kwa tumbo, nikaanza kufukua kwa mikono kuanzia kidevuni kwenda chini, maana ukitumia sepetu unamkata mtu. Nilifukua kifua kwanza. Alipovuta pumzi ya kwanza ililia kama mlango mbovu. "Usijitikise," nikamwambia. "Ukijitikisa unashuka." Mchungaji aliniletea mbao nyingine, nikazisimamisha upande wa Dagny na kuzikaza kwa vigingi. Ilichukua karibu saa nzima mpaka miguu ikawa huru. Mabuti yalibaki chini.

Alikaa kwenye majani, peku, midomo ya bluu. Hakulia. Mimi niliingia shimoni. Hakuna aliyeniambia niingie. Nilitoa udongo ulioanguka, nikanyoosha kuta, nikachimba sentimita arobaini zilizobaki. Nikiwa ndani nilisikia baiskeli zikiondoka, si zote. Nilipotoka, gari la maiti lilikuwa tayari getini na saa kumi ilikuwa imepita.

Kushusha jeneza kunahitaji watu wanne kwa uchache, kila mmoja na ncha ya kamba. Alikuwapo mchungaji, alikuwapo dereva aliyelitaka jambo liishe arudi kwake, na Torborg. Mchungaji alinyoosha ncha ya nne hewani, hakumtazama mtu.

Ukutani walikuwa wamebaki kama ishirini. Kwetu watu huvua kofia jeneza likipita. Ragnar alikuwa na kofia yake mkononi, kwa joto tu. Aliivaa, akaivuta mpaka kwenye masikio. Wengine wakavaa zao. Kisha wote wakageuka, tukabaki kutazamwa na migongo.

Niliichukua kamba. Sitasema nilimsamehe Hjalmar, maana sikumsamehe, na uzito wake mikononi ulinikumbusha jiko letu la chuma. Lakini lile shimo sasa nilikuwa nimelichimba mimi, na kumbe nisingeweza kuliacha tupu.

Mchungaji alisoma kwa ufupi. Tulipofukia, Torborg alinisogelea. Koo lake lilikuwa limekwaruzwa na udongo.

"Wewe ni mchimbaji," akasema. "Uliuona ule ufa?"

"Niliuona."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

Alinitazama bila kupepesa. "Basi usingoje nikushukuru."

"Singoji."

Akatazama huku na huku, kwenye mistari ya misalaba. "Yule mtoto yuko wapi?"

Niliinua kidole kuelekea kona ya chini, karibu na mti wa birchi, akapiga hatua mbili tatu kwa miguu peku. Alfhild alikuwa ameshapita getini. Alisimama katikati ya njia, na aproni yake imechafuka kwa mawe ya ukuta.

"Hapo usifike."

"Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Huko usifike. Umemzika wako."

Torborg alisimama. Nilidhani atajibu, maana majibu alikuwa nayo. Aliinamisha kichwa, akageuka, akateremka kilima kwenda kuchukua sanduku lake. Treni ya jioni ilimchukua. Sikumwona tena.

Jumatatu nilienda kunywa kahawa. Niliponyoosha mkono kuvuta kiti, Ragnar aliweka mguu wake juu yake.

"Kina mtu."

"Nani?"

"Yeyote."

Nilienda meza nyingine, nayo ilikuwa na mtu. Nilikunywa nimesimama mlangoni, kisha nikaacha kwenda. Mke wangu Elvy alipoingia dukani mazungumzo yalikatika, na chama kiliniandikia barua fupi ya kunirudishia michango yangu ya mazishi. Iliendelea hivyo miaka mingi. Walikuja kwangu walipofiwa tu, wakanionyesha mahali kwa kidole.

Kiangazi kilichofuata jiwe lilifika kwa treni, dogo, limeandikwa majina mawili, Dagny na Hjalmar. Nililisimamisha. Baada ya wiki jina la Hjalmar lilikuwa limepakwa lami. Nililisafisha kwa mafuta ya taa na kisu. Vuli likapakwa tena, nikalisafisha tena. Mara ya tatu ilikuwa Februari, asubuhi, theluji mpya, na nilifuata nyayo kutoka getini. Alfhild alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, kopo la lami ubavuni, brashi mkononi. Alikuwa mwangalifu sana. Jina la Dagny hakuligusa.

Hakushtuka. Alimaliza herufi ya mwisho kwanza.

"Utalisafisha?" akauliza.

"Nitalisafisha."

"Basi na mimi nitarudi."

"Najua."

Alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia kwa baridi. Nilimpa mkono. Aliutazama mkono wangu, kisha akashika jiwe, akajiinua kwalo, akachukua kopo lake akashuka.

Alikuja kila Februari kwa miaka minane. Kila Machi, lami ikilainika kidogo, nilichukua kisu.